Istilahi za Hitilafu za Magari: Mapitio ya Orodha Moja kutoka Nyanda za Juu Kusini

Orodha tunayokusudia kuijadili hapa ina kurasa kumi na tisa. Imechapwa kwa kompyuta na kutolewa nakala nyingi, haina jina la mtungaji wala tarehe, na kichwa chake ni "Makosa ya Gari kwa Kiswahili". Ilitufikia kwa mkono wa mwalimu mmoja wa ufundi wa magari, ambaye aliikuta kwa wanafunzi wake waliorejea kutoka mafunzo ya vitendo katika gereji za Mbeya. Baadaye sisi wenyewe tuliikuta tena Iringa, imebandikwa ukutani kando ya kalenda. Safu ya kushoto ina alama zinazotolewa na mashine, kama vile P0118 au P0420. Safu ya kulia ina maelezo ya kila alama kwa Kiswahili.

Tungependa kwanza kumshukuru mtungaji, awaye yeyote. Amejaribu kazi ambayo sisi tuliozoea kukaa mezani na makamusi hatujaifanya, nayo ni kumpa fundi wa Mwanjelwa au Mlandege maandishi ya lugha yake kuhusu kazi yake ya kila siku. Ni rahisi kumcheka, na mahali pengine katika kurasa hizi hatutaweza kujizuia. Lakini orodha hii inatumika. Watu wanatengeneza magari kwa kuisoma, na wenye magari wanalipa fedha kwa ajili ya yale yaliyoandikwa ndani yake. Kwa sababu hiyo tumeonelea tusiipime kwa ufasaha peke yake, bali kwa swali moja: je, anayeyasoma maneno haya atatenda lililo sahihi?

Kwa faida ya wasomaji wasio mafundi, yafaa tueleze kidogo jambo lenyewe. Gari la zamani lilikuwa likitangaza ubovu wake kwa sauti, kwa moshi na kwa harufu. Gari la leo lina kompyuta inayopokea habari kutoka vihisi vingi: joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, mwendo wa injini, oksijeni iliyobaki katika moshi. Habari inayopokelewa inapotofautiana na ile inayotarajiwa, kompyuta huandika alama katika kumbukumbu yake na, mara nyingi, huwasha taa ya injini mbele ya dereva. Hapo awali kila kiwanda kilikuwa na alama zake. Mafundi wa makamo wanazikumbuka vizuri Toyota za miaka ya mwanzo ya 1990: waliunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, wakafungua swichi bila kuwasha injini, wakahesabu jinsi taa inavyokonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ilikuwa 22, yaani saketi ya kihisi cha joto la maji. Ikikonyeza mfululizo pasipo kutulia, kompyuta haikuwa na la kusema. Baadaye Marekani ililazimisha mfumo mmoja kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo kwa magari ya petroli mwaka 2001. Toka hapo ndipo zilipoenea alama hizi zenye herufi moja na tarakimu nne: P kwa injini na giaboksi, B kwa bodi, C kwa chasisi pamoja na breki na usukani, U kwa mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe.

Maelezo rasmi ya alama hizo yameandikwa kwa Kiingereza cha mkato, kinachofanana na lugha ya simu za maandishi za zamani ambazo mtumaji alilipia kila neno. Vitenzi vimeondolewa, viunganishi vimeondolewa, na yaliyobaki ni majina yaliyopangwa mstari mmoja. Mfasiri wa maandishi ya namna hiyo hawezi kufasiri maneno yaliyopo tu. Hana budi kuyajua kwanza yale yaliyoachwa. Karibu makosa yote mazito ya orodha hii yanatokana na hapo. Mtungaji, au huenda mashine ya kufasiri aliyoitumia, alifasiri yaliyoonekana.

Tuanze na kichwa chenyewe. "Makosa ya gari." Kosa, kwa Kiswahili, lina mkosaji. Mtu hukosa, akaadhibiwa au akasamehewa. Gari halikosi. Tena dereva anayeambiwa kwamba gari lake lina makosa matano huanza kujitetea kana kwamba yuko mbele ya askari wa usalama barabarani. Neno "hitilafu", ambalo mafundi wengi tuliozungumza nao wanalijua ingawa hawalitumii sana, lina sifa ambayo hatukuitambua mpaka tulipokaa gereji. Maana zake ni mbili, tofauti na kasoro, na yule aliyelileta kutoka Kiarabu alilileta na maana ya tofauti. Sasa alama ya kompyuta inasema nini hasa? Inasema kwamba kuna tofauti kati ya nilichokitarajia na nilichokipata. Haisemi kwamba kifaa fulani kimekufa. Ni nadra kulikuta neno la zamani likikifaa kitu kipya kwa maana zake zote mbili, nasi tunapendekeza hitilafu ishike nafasi ya kosa popote katika orodha.

Kuhusu alama yenyewe, gereji zinasema "kodi", na orodha inafuata. Siku moja Mwanjelwa tulimshuhudia mama mmoja, mwalimu mstaafu, akipokea gari lake.

"Mwalimu, shikamoo. Gari lako lina kodi tatu," alisema kijana.

"Marahaba. Kodi gani tena, mwanangu? Ile ya kila mwaka si ilifutwa?"

"Na hizi nitazifuta, mwalimu."

Mama yule alikuwa na haki ya kushangaa. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa katika bei ya mafuta. Masikioni mwake, kodi ni kodi. Tunajua kwamba watetezi wa neno hili watatukumbusha "postikodi", ambayo Serikali yenyewe imeitumia katika mfumo wa anwani za makazi. Ni kweli, lakini pale kodi imeshikamana na posti na haiwezi kwenda peke yake. Inapoachwa peke yake hurudi kwa Mamlaka ya Mapato. Sisi tunaona "msimbo" unafaa zaidi, na si kwa sababu unasikika wa kitaaluma. Msimbo una jamaa: kusimba, kusimbua, na kisimbuzi ambacho kimo katika sebule nyingi za Mbeya chini ya runinga. Mtu ambaye amewahi kununua kisimbuzi anayo tayari nusu ya maana ya msimbo wa hitilafu.

Sasa tufike penye madhara. Mstari wa P0118 katika orodha umeandikwa hivi: "Joto la maji ya injini liko juu."

Tunaomba msomaji asimame hapa pamoja nasi, kwani mstari huu mmoja ndio uliotufanya tuandike. Kiingereza cha mkato kinataja vitu vinne: joto la maji ya kupoza injini, saketi, kuingia, juu. Mtungaji aliunganisha cha kwanza na cha mwisho, akaacha vya katikati. Lakini kilicho juu si joto. Kilicho juu ni volti inayoingia kwenye kompyuta kutoka katika saketi ya kihisi cha joto. Na kihisi hiki kimetengenezwa kwa namna ambayo kadiri joto linavyopanda ndivyo ukinzani wake unavyopungua, na volti nayo hushuka. Volti ikiwa juu, maana yake kompyuta inaona baridi. Waya wa kihisi ukikatika au soketi yake ikichomoka, volti hupanda hadi karibu 5, na kompyuta huamini kwamba maji ya injini yana nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Mufindi mwezi wa Julai haijapata kuijua. Tafsiri ya orodha, kwa hiyo, haikupungukiwa usahihi kidogo tu, imesema kinyume.

Pale Iringa tulikutana na dereva wa gari dogo la mizigo aliyekuwa amepanda kutoka Ruaha Mbuyuni. Taa ya injini ilimwakia chini ya mlima Kitonga. Alikuwa na kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kupeleka habari kwenye simu, na katika simu alikuwa na picha ya orodha hii. Alisoma kwamba joto liko juu. Feni ilikuwa ikizunguka bila kupumzika, jambo lililomthibitishia, ijapokuwa ukweli ni kwamba magari mengi huwasha feni moja kwa moja kompyuta inapopoteza habari za joto, kwa tahadhari tu. Akasimama mara tatu katika kona za Kitonga, malori yakimpita kwa taabu, na mara mbili kati ya hizo akafungua kifuniko cha rejeta ili aongeze maji. Mara ya pili maji yalimrukia mkononi. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa alipokuwa akitueleza.

Fundi aliyempokea Ipogolo hakuwa na haja ya orodha. Aliwasha mashine yake, akatazama joto lililoandikwa humo, akakuta hasi 40. "Hili gari limetoka Siberia," alisema. Alifuata waya kwa mkono mpaka kwenye kihisi, akakuta kishikizo cha soketi kimevunjika na soketi imeachia. Alipima kwa mita ili ajiridhishe, akasafisha vidole vya shaba, akairudisha soketi na kuifunga, akafuta kumbukumbu, akaliwasha gari na kulisubiri lipate moto huku akitazama joto likipanda moja moja. Kazi nzima haikuzidi nusu saa, na hakuna kifaa kilichonunuliwa. Tunapendekeza mstari huo usomeke: "Saketi ya kihisi cha joto la maji: volti iko juu mno (chunguza waya uliokatika au soketi iliyoachia)." Ni mrefu, tunakiri. Mwenzake, P0117, ambao orodha imeuita "Joto la maji liko chini", nao ugeuzwe: volti iko chini mno, na kompyuta inaona moto mkali ambao haupo. Iko misimbo mingine mingi ya aina hii, ya joto la hewa, ya mkao wa kanyagio, ya kanieneo, na yote imeharibiwa kwa njia ile ile. Kanuni ya kumsaidia mfasiri ni nyepesi: palipotajwa saketi, neno juu au chini ni la umeme.

Tumetaja kanieneo. Gereji zinasema presha, nasi hatuna ugomvi na presha, isipokuwa kwamba mgonjwa wa presha naye anamiliki gari. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina takriban asilimia 82 tu ya kanieneo ya Dar es Salaam. Kompyuta inalijua jambo hilo na hurekebisha mafuta kulingana nalo. Mwanafunzi wa ufundi ambaye hana neno la kulitenganisha jambo hili na upepo wa tairi atapata taabu kueleza kwa nini gari lililopimwa pwani linatoa tarakimu tofauti likifika Uyole.

Mstari wa P0171 unachekesha zaidi na kudhuru kidogo. Umeandikwa: "Mfumo umekonda sana, Benki ya 1." Tulipousoma kwa sauti pale gereji, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri tairi aliuliza kama benki hiyo inatoa mikopo. Kilichotokea ni wazi. Kiingereza kina neno moja kwa nyumba ya fedha na kwa safu ya silinda katika injini, na mashine ya kufasiri ilichagua fedha. Kadhalika kina neno moja kwa nyama isiyo na shahamu na kwa mchanganyiko wa hewa na mafuta ambao mafuta yake hayatoshi. Tukiri kwamba kukonda, ukikufikiri sana, kuna ukweli wake: mchanganyiko uliokonda ni ule uliopungukiwa mafuta. Lakini hakuna asomaye hivyo. Atasoma kwamba mfumo, ambao hajui ni mfumo gani, umekonda kama ng'ombe wa kiangazi.

Mafundi wanasema "gari linavuta hewa", na sentensi hiyo fupi inatangulia mbele ya Kiingereza chenyewe, kwa kuwa inataja chanzo kinachotokea mara nyingi: mpira baada ya kipimo cha hewa umepasuka, hewa inaingia bila kuhesabiwa, na kompyuta inajikuta ikiongeza mafuta hadi inafika mwisho wa ruhusa yake. Hata hivyo hatuwezi kuliweka katika orodha kama tafsiri. Pampu ya mafuta iliyochoka au nozeli zilizoziba huleta msimbo huo huo bila hewa yoyote kuvutwa. Msimbo ni ushahidi, na "linavuta hewa" ni hukumu. Kwa hiyo: "Mchanganyiko umepungukiwa mafuta, safu ya 1 ya silinda." Na hukumu abaki nayo fundi baada ya kuchunguza. Tunalisisitiza hili kwa kuwa pembeni mwa mstari huo, katika nakala ya Iringa, mtu ameandika kwa kalamu: "badili kihisi cha oksijeni". Kihisi cha oksijeni ndicho kilicholeta habari. Mjumbe hauawi, na bei yake si ndogo.

Tuyapitie sasa majina ya vifaa, ambako hatuna ugomvi mkubwa ila katika mambo matatu.

Kompyuta ya injini imeitwa "kitengo cha kudhibiti injini". Watumishi wa umma wanaotusoma wanajua kitengo ni nini: kina mkuu, kina bajeti na kina vikao. Gereji zinasema kontroli boksi. Sisi twaona "kompyuta ya injini" inaeleweka na kila mtu na haimzuii fundi kuendelea na kontroli boksi yake.

Kihisi kimeitwa "sensa". Hapa tunakiri kwamba hoja haiko upande mmoja. Maneno yenye umbo moja na maana mbili yamejaa katika Kiswahili, na hakuna aliyewahi kumla kaa la moto kwa sababu ya kaa wa baharini. Fundi anayesema "sensa imekufa" haelewi vibaya wala haeleweki vibaya. Lakini katika maandishi, na hasa katika vichwa vya habari vya mafunzo, tumekutana na "Sensa ya Oksijeni" na "Idadi ya Sensa", nasi tunaokumbuka makarani wakipita nyumba kwa nyumba Agosti 2022 tunalazimika kusoma mara mbili. Maadamu kitenzi kuhisi kipo, na kihisi kimekwisha kuzoeleka katika maandishi ya kompyuta na simu, hatuoni sababu ya kukopa. Kipo kishawishi cha kusema "kihisishi", nacho kiepukwe, kwani wanasarufi wamekitwaa kwa maneno kama vile lo! na ah! Wengine wanapendelea "kitambuzi". Tungekikubali kama si jambo moja: kifaa hiki hakitambui chochote. Kinahisi na kupeleka habari. Kutambua ni kazi ya fundi, na neno utambuzi tunalihitaji kwa ajili yake.

La tatu ni "kigeuzi kichocheo". Hiki ni kile kifaa kilicho katika bomba la moshi, chenye gamba la chuma nje na ndani yake kauri yenye matundu madogo sana, ambacho husafisha sumu za moshi kwa msaada wa platini, paladi na rodi. Wanakemia hawana kosa. Kichocheo ni neno lao na ni zuri. Lakini hatukumpata fundi hata mmoja, Mbeya wala Iringa, aliyelielewa jina hilo. Wote wanasema masega. Sijui kama yupo mwanaistilahi... tuseme badala yake kwamba hapajawahi kuwa na kikao ambacho kingeweza kutoa neno bora kuliko hili. Aliyefungua kifaa kile kwa mara ya kwanza aliona sega la asali, akaliita sega, na wingi ukamalizia kazi. Masega yanaziba, masega yanapasuka, masega yanang'olewa na kuuzwa, jambo la kusikitisha, kwa ajili ya madini yake. Na gari likisha kung'olewa masega huandika P0420 na kuendelea kuiandika kila linapofutiwa kumbukumbu. Orodha inasema: "Ufanisi wa mfumo wa kichocheo chini ya kizingiti." Tunapendekeza: "Masega hayasafishi moshi ipasavyo." Utaratibu wetu wa miaka mingi umekuwa kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha jamaa za Kibantu, ndivyo tulivyopata ngeli kutoka Kihaya, na kukopa nje baadaye. Hapa hatukuhitaji kutoka nje ya gereji.

Tumebakiwa na vitenzi, ambavyo twaamini ndivyo kiini cha suala zima, ingawa orodha haikuvigusa ila katika ukurasa wa mwisho wenye kichwa "Jinsi ya kufuta makosa".

Kufuta kuna uzito mkubwa katika Kiswahili. Hufutwa vumbi, hufutwa ubao, lakini pia hufutwa kesi, sheria, deni na ndoa, na kikishafutwa hakipo tena. Mteja anayeambiwa "hitilafu zimefutwa" husikia kwamba gari limepona, na hati ya malipo humthibitishia, maana imeandikwa "kufuta hitilafu 3" na bei mbele yake. Kilichofanyika ni kubonyeza kitufe. Kumbukumbu imefutwa, waya bado umekatika. Tena pamoja na msimbo zimefutwa habari nyingine ambazo zingemsaidia fundi wa pili: kompyuta nyingi hutunza hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea, yaani mwendo, mzigo wa injini na joto la maji vilivyokuwa katika nukta ile. Orodha imeziita habari hizo "fremu iliyoganda", na sisi tungesema "hali wakati wa tukio". Zikifutwa kabla hazijasomwa, hazirudi.

Hatupendekezi kukitupa kitenzi kufuta. Tunapendekeza kisiruhusiwe kusimama mbele ya neno hitilafu. Ifutwe kumbukumbu, hitilafu itengenezwe. Na kabla ya kutengeneza yatenganishwe mambo mawili ambayo gereji huyaita yote "kupima kwa mashine": kusoma msimbo, ambako mtoto wa darasa la tano anaweza, na utambuzi wa hitilafu, ambao unahitaji mita, mchoro wa waya na akili. Wapo waliotushauri "uaguzi" kwa hili la pili. Tulicheka, kisha tukakumbuka magari mawili matatu tuliyoyaona yakibadilishwa kifaa hiki na kile bila kipimo, tukakubali kwamba neno hilo nalo lina mahali pake.

Afisa usafirishaji anayeidhinisha malipo ya matengenezo anaweza kuanza kesho, pasipo kusubiri kikao chochote cha usanifishaji. Adai hati yenye mistari minne: misimbo iliyosomwa, hitilafu iliyotambuliwa na kwa kipimo gani, kilichotengenezwa, na ndipo kumbukumbu iliyofutwa. Mstari wa pili ukiwa mtupu, atajua amelipia nini.

Orodha imefanya vema katika jambo moja la vitenzi ambalo tusingependa lipotee. Imesema makosa "yaliyohifadhiwa". Kuhifadhi ni kutunza, na pia ni kushika kwa moyo, kama mwanachuo anavyohifadhi sura. Ndivyo kompyuta inavyofanya. Lakini kilichohifadhiwa si lazima kiwe hai. Katika mfumo wa kawaida, hitilafu nyingi zinazohusu moshi hazina budi kuonekana katika safari mbili zinazofuatana kabla taa haijawaka. Zikitoweka kwa safari tatu taa huzimika yenyewe, na msimbo hubaki katika kumbukumbu hadi injini ipate moto na kupoa mara 40. Kwa hiyo tunahitaji maneno matatu pale ambapo orodha ina moja: hitilafu inayosubiri, hitilafu hai, na hitilafu iliyopita. Soketi iliyolegea katika mashimo ya barabara ya vumbi, ikashika tena penye lami, ni hitilafu iliyopita, na fundi asiyejua tofauti hiyo atatafuta mchana kutwa asichoweza kukiona.

Limebaki neno moja lililotushinda. Silinda inapokosa kuwaka kwa zamu yake, msimbo ni P0300 ikiwa ni silinda zaidi ya moja bila mpangilio, au P0301, P0302 na kuendelea kwa silinda inayojulikana. Taa ikikonyeza badala ya kuwaka tuli, dereva apunguze mwendo mara moja, kwa kuwa mafuta yasiyoungua yanakwenda kuyachoma masega. Orodha imeandika "moto uliokosea", ambao hatuwezi kuutetea. Gereji zote zinasema injini "inamisi", na kitenzi hicho kimekwisha kuota mizizi: inamisi, ilimisi, inamisimisi. Tatizo ni kwamba vijana nao wanamisiana. "Kukosa kuwaka" ni sahihi ila ni refu kwa mtu aliye chini ya gari, na "kukohoa" ni la kabureta. Fundi mmoja mzee wa Mwanjelwa, aliyeanza kazi katika malori ya njia ya Zambia, alituambia kwamba wao walikuwa wakisema silinda "inaruka", kama moyo unavyoruka pigo. Wenzake vijana hawakupata kulisikia. Katika nakala tuliyomrudishia mwalimu, mistari ya P0300 na jamaa zake tumeiacha wazi, na wasomaji walio karibu na gereji watuandikie wanachokisikia huko.